SOMO: Kutunza bwawa la kuogelea la nyumbani hapa Mwanza (soma kwanza, simu baadaye)

Mwangaluka wakuu.

Wiki hii nimepigiwa simu nne, zote zimeanza kwa sentensi ileile: "Fundi, maji yamekuwa kijani, niweke klorini kiasi gani?" Nikiuliza bwawa lina lita ngapi, hajui. pH (kipimo cha uchachu wa maji)? Hajapima. Pampu inawaka muda gani kwa siku? "Huwa tunawasha tukiona yamechafuka." Naandika mara moja. Kuanzia leo atakayeuliza namtumia hii.

Kwa wasionifahamu, natunza mabwawa sita: mengi Isamilo na Capri Point, moja Bwiru, moja Luchelele. Nilianza kama kijana wa bustani. Tajiri akanikabidhi fimbo ya neti, akasafiri miezi miwili. Huu ni mwaka wa 11. Makosa karibu yote nimeshayafanya, na moja nitawasimulia hapa chini ingawa bado linaniuma.

Mfano wangu muda wote ni bwawa la urefu wa mita 8, upana mita 4, upande wa watoto kina mita 1, upande wa kuzama mita 1.8.

HATUA YA 1. Jua ujazo. Wastani wa kina ni 1.4, kwa hiyo 8 x 4 x 1.4 = mita za ujazo 44.8. Ita lita 45,000. Andika ukutani kwenye chumba cha pampu kwa rangi ya mafuta. Usiandike kwenye simu, simu zinaibiwa.

HATUA YA 2. Neti kila asubuhi, na kapu la pampu limwagwe.

HATUA YA 3. Brashi kuta mara mbili kwa wiki. Nyuma ya ngazi usiruke, mwani unaanzia huko kwenye kivuli.

HATUA YA 4. Pampu. Hapa ndipo matajiri wanabana. Pampu ya nguvu farasi moja inasukuma kama mita za ujazo 10 hadi 12 kwa saa, kutegemea mabomba yako. Bwawa letu linazunguka mara moja kwa masaa manne na kidogo. Lakini usidhani mzunguko mmoja umechuja maji yote. Yaliyochujwa yanarudi kuchanganyika na machafu, kwa hiyo mzunguko wa kwanza unachuja kama asilimia 63, wa pili ndiyo unafikisha 86. Ndiyo maana nasema masaa 8 kwa siku: 6 mchana, 2 jioni baada ya kuweka dawa. Ni kama yuniti 8 za LUKU. Inauma, najua. Ila nimeona mtu akiokoa yuniti mwezi mzima halafu akanunua boza tatu za maji kwa siku moja.

HATUA YA 5. Pima. Kile kikasha chenye chupa mbili za matone, nyekundu kwa pH, njano kwa klorini. Chota maji mkono ukiwa umezama mpaka kwenye kiwiko, usichote ya juu. pH iwe kati ya 7.2 na 7.6. Sababu ni hii: pH ikiwa 7.5, nusu tu ya klorini yako ndiyo inaua vijidudu. Ikifika 8 inabaki kama robo. Unamwaga hela, inaelea humo haifanyi kazi. Na klorini yetu ya chenga yenyewe inapandisha pH, kwa hiyo kila wiki moja au mbili utahitaji asidi kidogo kuishusha. Asidi ndiyo inaingia kwenye ndoo ya maji, usimwage maji kwenye asidi, itakurukia usoni. Weka kidogo, zungusha pampu, pima tena kesho.

HATUA YA 6. Klorini ibaki miligramu 1 hadi 3 kwa lita (kwenye makopo wanaandika ppm, ni kitu kilekile). Chenga za asilimia 65: kupandisha bwawa letu kwa miligramu 1 unahitaji gramu 70 hivi. Mimi nina kikombe cha plastiki nilichokipeleka kwenye mzani, nikakichora alama kwa msumari. Koroga kwenye ndoo ya maji, mwaga ukizunguka ukingo. JIONI, jua likishazama. Jua letu hili la karibu na ikweta halina mchezo. Ukiweka saa 6 mchana, kabla hujamaliza ugali wako nusu imeshapaa.

Vidonge vikubwa vinavyoelea navyo ni klorini, na vina kinga ya jua ndani yake. Vizuri, ila kinga hiyo haiishi kama klorini, inajikusanya mwezi hadi mwezi mpaka inaifanya klorini iwe mvivu, na dawa yake ni kupunguza maji tu. Na USICHANGANYE chenga na vidonge kwenye chombo kimoja, vikavu au vilivyolowa. Vinaweza kuwaka au kulipuka. Wala usiweke klorini na asidi kwenye kabati moja, zikikutana zinatoa gesi ya sumu. Asidi yangu inakaa nje ya chumba cha pampu kabisa.

HATUA YA 7. Bekiwashi, yaani kuosha mchanga wa filta kwa kusukuma maji kinyumenyume. Geji ya presha ya filta ikipanda psi 8 hadi 10 juu ya pale ilipokuwa filta ikiwa safi, ndipo unaosha. Si kila siku, mchanga wenye uchafu kidogo unachuja vizuri kuliko mchanga mpya. Zima pampu KWANZA, ndipo uzungushe mkono wa valvu. Dakika mbili au tatu mpaka maji kwenye kioo cha valvu yawe safi, zima, rinsi (kusuuza) nusu dakika, zima, rudisha valvu pa kuchuja.

HATUA YA 8. Shabu. Hapa msome polepole.

Maji yakiwa na ukungu ambao filta haiumalizi, hasa baada ya mvua kushusha tope la mlimani, unatumia shabu, ileile ya kutulizia maji ya kunywa kijijini. Gramu 30 hadi 50 kwa mita ya ujazo, kwa bwawa letu kilo moja na nusu mpaka mbili. Unaiyeyusha, unamwaga, unazungusha pampu kidogo ichanganyike, unazima usiku kucha. Asubuhi unakuta uchafu wote umelala chini kama uji mzito na juu maji ni kioo. Inafurahisha. Furaha hiyo ndiyo iliyoniponza.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili. Nyumbani kwa tajiri kuna kitchen party Jumamosi saa 10 jioni, viti vimeshapangwa, mahema yamesimama. Saa 1 asubuhi nikashusha vakyumu (brashi yenye bomba la kunyonya uchafu wa chini) nivute lile tope. Valvu nikaiacha pale pale pa kuchuja. Ilitakiwa iwe WESTI, maji yatoke nje moja kwa moja bila kupita kwenye filta. Mimi nikasema nisipoteze maji, mchanga si upo? Dakika kumi geji imepanda mpaka mwisho, maji yanayorudi yanatoka kama mkojo wa mtoto. Nikapiga bekiwashi, wapi. Shabu ilikuwa imeganda ndani ya mchanga. Nikafungua filta, nikakuta kitu kama ugali uliolala. Nikaanza kuchota mchanga kwa kopo, kilo 150, jua linapanda, mama mwenye nyumba amesimama kibarazani amevaa khanga anapiga simu huku ananiangalia mimi. Kwa haraka nikagonga kopo chini, nikavunja kidole kimoja cha plastiki, vile vinavyokusanya maji chini ya filta. Sikujua. Nikarudisha mchanga, nikafunga, nikawasha. Mchanga ukaanza kutoka bwawani kupitia matundu ya kurudishia maji, kama mtu anachekecha unga. Wageni walifika wakakuta bwawa limefunikwa turubai.

Kwa hiyo:
- Shabu ikishalala, vakyumu ni WESTI tu. Hata ukiona ni kidogo.
- Jaza bwawa mpaka juu kabla ya kuanza, maana utapoteza kama sentimita 10.
- Fimbo isogee polepole kama unapaka rangi. Ukikimbia unalitibua, unasubiri usiku mwingine.
- Pima pH baadaye, shabu inaishusha.
- Ukilazimika kutoa mchanga, chota kwa mkono ukifika chini. Na usirudishe mchanga wa ufukweni wala wa ujenzi. Unatakiwa mchanga maalumu wa filta, chembe za nusu milimita hivi.

HATUA YA 9. Kipimo cha mwisho hakiuzwi dukani. Tupa sarafu ya shilingi 200 upande wa kuzama. Ukisimama ukingoni ukaweza kusema ni Karume au ni simba, bwawa lako liko sawa.

Maswali karibuni.

Dagaa Mkavu: Mkuu somo zuri ila refu. Kwa kifupi tu, puli la kawaida naweka klorini kiasi gani?

Fundi: Hatua ya 1.

Dagaa Mkavu: Nimesoma. Langu ni la kawaida tu, si kubwa.

Fundi: Kawaida si kipimo. Chukua futi.

Mama Wawili Kiseke: Kaka asante sana. Watoto wangu wakitoka kuogelea macho mekundu, na bwawa linanuka klorini mpaka sebuleni. Nimepunguza dawa lakini harufu ndiyo inazidi. Nakosea wapi?

Fundi: Dada hapo hujakosea peke yako, karibu kila mtu anafikiri hivyo. Ile harufu kali si klorini nyingi, ni klorini iliyochoka. Inashikana na jasho, mikojo na mafuta ya ngozi, inakuwa kitu kingine kinachonuka na kuwasha macho, na haiui tena. Ukipunguza dawa unaiacha ichoke zaidi. Matone ya njano yatakudanganya kwa sababu yanahesabu iliyo hai na iliyochoka pamoja. Tafuta kipimo cha vidonge vinavyogeuza maji kuwa ya waridi, hicho kinatenganisha. Kuivunja, unapandisha dawa kwa mkupuo mara 10 ya ile iliyochoka. Kwa kawaida naenda mpaka miligramu 10, yaani gramu 700 kwa bwawa la mfano wangu, jioni, na hakuna kuingia mpaka kipimo kirudi 3 au chini. Pima na pH, macho yanaweza kuwa ya huko. Halafu watoto waoge kwenye bomba kabla ya kuingia, itakupunguzia nusu ya kazi.

Na kwa kuwa umetaja watoto: mlango wa uzio ujifunge wenyewe na komeo liwe juu wasipofikia. Mipira isiachwe ikielea, ndiyo inayowaita.

Mama Wawili Kiseke: Uzio tunao, komeo liko chini. Nalihamisha leo. Ubarikiwe.

Bosi Mtarajiwa: Asidi ya kushusha pH naweza kutumia ya betri ya gari? Ninayo galoni hapa gereji imetoka kwenye betri za zamani.

Fundi: Hapana. Iliyotoka kwenye betri ina madini ya risasi, ni sumu. Unataka kuwaogesha watu kwenye risasi?

Bosi Mtarajiwa: Nimeuliza tu mkuu, mbona ukali.

Fundi: Sawa, umeuliza na nimejibu. Nunua asidi ya hidrokloriki kwa wauza dawa za mabwawa. Hiyo galoni usiimwage mtaroni, mtaro wenu unaishia ziwani.

Ticha wa Kemia: Fundi, hiyo 63 na 86 umeitoa wapi?

Fundi: Mhandisi mmoja alinichorea chini kwa kijiti. Kama una yako lete.

Ticha wa Kemia: Sina yangu, ni sahihi. Ukifanya wa tatu inakuwa 95. Nilitaka kujua kama umekariri.

Fundi: Nimekariri ticha. Lakini nimeelewa pia.

Mkazi Luchelele: Shikamoo fundi. Mimi nyumba iko karibu na maji, nataka kujaza bwawa kwa pampu kutoka ziwani, boza zinanimaliza. Nikitazama maji yenyewe ni ya kijani kidogo. Inawezekana? Na kichocho je? Nimesoma hatua ya 8 mara mbili.

Fundi: Marahaba. Umesoma mara mbili, basi nakujibu kwa urefu.

Inawezekana, lakini si bure kama inavyoonekana. Kwanza kibali: kuvuta maji ziwani kwa pampu kunahitaji kibali cha kutumia maji, ofisi ni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, ipo hapahapa Mwanza. Pili kichocho: vimelea vinatoka kwenye konokono wa majini, wale wanaokaa penye majani ufukweni, vinapenya ngozi ya mtu. Vikikosa mtu vinakufa ndani ya siku mbili hivi. Kwa hiyo vuta mbali na majani, weka chujio jembamba mdomoni mwa bomba konokono na mayai yake yasipite, jaza, halafu mtu asiguse maji hayo siku tatu, na klorini inafanya kazi yake hapo katikati. Wewe unayeshika bomba kule ziwani vaa buti, usimlinde mwogeleaji ukajisahau.

Tatu, ile kijani ni mwani, na unakunywa klorini kama ng'ombe aliyetoka machungani. Jioni ya kwanza weka ya kufikisha miligramu 10, asubuhi pima, utakuta imeisha. Rudia. Siku ambayo utaamka na kukuta bado ipo, mwani umekufa na maji yamegeuka kijivu au meupe. Hapo ndipo shabu, hapo ndipo WESTI. Usiweke shabu wakati maji bado ya kijani, mwani ulio hai hautulii vizuri.

Mkazi Luchelele: Nimeelewa. Na siku nikitaka kulikausha nilipake rangi?

Fundi: Swali zuri kuliko yote leo. Kwa mtu wa ukingoni mwa ziwa, USIKAUSHE bila kujua maji ya ardhini yako wapi. Bwawa tupu ni kama mtumbwi. Maji ya chini yakiwa juu yanalisukuma, linapasuka au linanyanyuka. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda sana kuna bwawa nililiona limenyanyuka upande mmoja, vigae vimepasuka mstari mmoja kama ufa wa tetemeko. Mwenyewe alilikausha ili alisafishe tu. Chimba shimo pembeni lenye kina cha bwawa, kaa siku mbili uone kama linajaa. Likijaa, subiri kiangazi. Wa Isamilo na Bugando juu ya mawe hii haiwahusu sana, ninyi shida yenu ni tope la mvua.

Jirani wa Chini: Nasi tunaoishi chini ya mabwawa yenu tuna shida yetu. Maji ya bekiwashi yanakuja bustanini kwangu, mchicha umeungua.

Fundi: Pole sana. Mwenye bwawa achimbe shimo la mawe la kupokelea hayo maji. Wengine mnaosoma: kama mnataka kumwagilia, yakae kwenye pipa wazi juani siku mbili klorini iishe, ndipo mmwagilie nyasi. Mboga achaneni nazo.

Binti Capri Point: Wadudu wa ziwani jamani! Asubuhi bwawa lina blanketi jeusi. Neti natoa ndoo nzima.

Fundi: Angalia mwezi, dada. Wanatoka kwa wingi mwezi unapoandama. Siku hizo zima taa zote za bwawa na za bustani usiku, acha moja iwake mbali kabisa upande wa pili, wataenda huko. Asubuhi uwatoe kabla hawajazama, wakioza wanakula klorini. Na siku hiyo ongeza dawa kidogo.

Binti Capri Point: Na korongo wanaokaa kwenye mti wanashusha kinyesi je?

Fundi: Mti ni wako au wa jirani?

Binti Capri Point: Wa jirani. Na mwenyewe anawapenda.

Fundi: Basi neti, brashi na subira.

Sato wa Kukaanga: Mimi langu nimeliacha mwaka mzima, tajiri wangu amehama. Vyura wamejaa. Mnaonaje nikifuga sato humo?

Fundi: Ukiona vyura ujue klorini hamna, kwa hiyo samaki wataishi. Tena watakula viluwiluwi vya mbu, hilo bwawa sasa hivi linazalisha malaria mtaa mzima. Ila hakikisha ni la tajiri aliyehama kweli, si aliyesafiri.

Sato wa Kukaanga: 😂😂 Na kenge nimemwona juzi ukingoni.

Fundi: Huyo anasubiri sato wako.

Dagaa Mkavu: Nimepima wakuu. 6 x 3, kina 1.2 pande zote.

Fundi: Ahsante. Mita za ujazo 21.6. Gramu 33 za chenga kwa kila miligramu moja. pH?

Dagaa Mkavu: Nanunua kikasha kesho.

Mkazi Luchelele: Narudi na mrejesho, leo siku ya tisa. Klorini niliweka jioni nne mfululizo, ya nne ikabaki. Shabu nimeweka jana, asubuhi hii nimevuta kwa WESTI, maji yameshuka sentimita 12. pH 7.4. Nimetupa shilingi 200, nawaona simba wawili mpaka manyoya.

Fundi: Hongera sana mkuu. Sasa zamia uitoe, sarafu ikikaa inaacha doa kwenye plasta.